Boti la Upepo Lililoshonwa kwa Uzi

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa subira. Kazi yangu wakati huo ilikuwa cherehani, barazani mwa duka la watu pale Kibiti, kando ya barabara ya Lindi, na mteja akirudi mara ya pili kuulizia gauni lake alinikuta nimeshamnunia kabla hajatoa salamu. Kwa hiyo hakuna aliyeelewa, hata mimi mwenyewe sikuelewa vizuri, imekuwaje masika yale nikawa nakaa mkekani jioni baada ya jioni, nimeinamia vipande vya plastiki vidogo kama kucha, naunga boti.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje zilipofunguliwa mlango. Marobota ya mitumba yalifunguliwa gulioni, na katikati ya nguo vilitoka vitu ambavyo hata muuzaji hakujua vinaliwa au vinavaliwa. Siku moja nilikuwa nachagua mashati ya kufumua nikakuta boksi limebonyea. Juu yake palichorwa bahari ya kijivu, na juu ya bahari boti la kuokolea watu, lile la kujazwa upepo, rangi ya chungwa, lina paa la turubai. Ndani ya boksi hakukuwa na upepo wowote. Kulikuwa na vipande vya plastiki vimeshikana kwenye vijiti vyake, kila kimoja na namba, karatasi ya michoro yenye maandishi ya lugha nisiyoijua, na vijitu vinne vimekaa kitako, havina hata macho. Muuzaji alinipa kama nyongeza ya mashati.

Nililichukua kwa ajili ya mama.

Mama yangu ni mtu wa vilimani, Umatumbi, kusini ya mto Rufiji, na mtu wa vilimani na maji wapi na wapi. Lakini yeye alikuwa na lake zaidi. Bibi, akiwa na mimba ya mama, aliota maji yamemchukua mwanamke aliyejifunga kanga. Alipozaliwa mtoto wa kike, ikasemwa aliyeotwa ni yeye. Mama alivuka Rufiji mara moja tu, siku alipoletwa kuolewa, amelala sakafuni mwa lori juu ya pantoni, kajifunika gubigubi. Hakurudi tena kwao. Hata bibi alipofariki hakwenda kuzika, alikaa eda ya machozi peke yake jikoni, na sisi watoto tuliambiwa tusimsemeshe.

Sasa mdogo wangu alikuwa ameolewa Mbwera, huko delta, ambako mtu hata chumvi hufuata kwa mtumbwi. Mimba yake ilikuwa ya kwanza. Kwetu mimba ya kwanza mwana hurudi kwa mama yake kujifungua, lakini miguu ilimvimba na mkunga wa zahanati akamkataza kusafiri. Shemeji akaja Kibiti na ujumbe. Akakaa nje kabisa, kwenye kizingiti cha uani, kama mkwe anavyopaswa, akasema akiangalia chini: "Anamtaka mama."

"Nitakwenda," mama alisema.

Shemeji akasema atarudi kumchukua bamvua lijalo, maji yakiwa makubwa, maana mdomo wa mto wao hauingiliki maji yakiwa madogo. Akaondoka. Mama hakula siku ile. Siku zilizofuata alijitafutia kazi: akatwanga mpunga uliokwisha kutwangwa, akafagia ua mpaka ukawa na mashimo. Nilimjua. Alikuwa amesema atakwenda, na alikuwa hawezi kwenda.

Ndipo nikafikiri, hebu aone kwamba duniani kuna chombo kisichozama.

Mvua ilikuwa ikinyesha juu ya bati, taratibu, haina haraka ya kwisha. Nilikata vipande kwa wembe, nikavipanga mkekani kwa namba zake: nusu ya juu ya boti, nusu ya chini, sakafu, vijikasia, turubai. Mama alikaa na ungo wake, anapepeta. Chumba kilijaa harufu ya pumba na udongo uliolowa, na mara nyingine nikiinua kichwa nilihisi kana kwamba nyumba yenyewe imeng'oka, tunaelea polepole kupita gulio, kupita msikiti, hakuna anayetushangaa. Sijui kama nilipata kuwa na furaha ya namna ile tena. Nilikuwa sitaki mtu yeyote apige hodi.

"Hilo linakwenda wapi?" mama aliuliza.

"Haliendi, mama. Ni mfano tu."

"Na upepo wake uko wapi?"

"Upepo uko kwenye boti lenyewe, la kweli. Hili ni plastiki tupu."

"Basi hilo ni uongo wa boti," akasema, akarudi kwenye ungo wake. Lakini nilimwona akichungulia.

Siku ya kuunganisha zile nusu mbili nilifunga kazi mapema. Nilipofungua mlango nilipigwa na harufu nusura nirudi nje. Vipande vyote vilikuwa vinang'aa mkekani. Mama alikuwa amemtuma mtu gulioni kumnunulia sifa, yale mafuta ya papa ambayo watu wa delta hupaka vyombo vyao vya mbao, akakaa kutwa nzima akivipaka kimoja kimoja kwa kitambaa, mpaka ndani ya vijikasia.

Gundi haikushika. Nilifuta kwa sabuni, nikafuta kwa mafuta ya taa, wapi. Kila nikibana, nusu ya juu inateleza. Na mimi nikiudhika sisemi taratibu.

"Mama, hii ni plastiki! Nani kakwambia plastiki inapakwa sifa? Umeniharibia kazi yote."

Hakunijibu kwa hasira, na angekuwa na haki. Alikunja kile kitambaa. "Nilisikia chombo kikavu huvuja," akasema. "Nimeona mtu hawezi kwenda safari na chombo kinachovuja."

 Nilitazama mikono yake inayonuka papa. Huyu ni mama ambaye akisikia tu neno mtumbwi huhama chumba, na leo kashika boti siku nzima, tena kwa mikono miwili. Niliona haya, nikawa nataka kulia, sikulia. Nilikwenda kuchukua sindano.

Gundi ikikataa, fundi cherehani afanye nini? Ashone. Nilipasha sindano kwenye moto wa kibatari, nikatoboa ukingo wa nusu ya juu na wa nusu ya chini, nikapitisha uzi wa nailoni, mshono mdogomdogo kuzunguka boti zima. Mama akawa ananishikia. Kisha tukadondosha nta ya mshumaa juu ya mshono. Rangi ya chungwa niliyokuwa nimeiazima kwa mwandika mabango haikukaa kwenye yale mafuta, ikawa mabakamabaka, nikaiacha hivyo.

"Mwanamke yuko wapi?" mama aliuliza nilipokuwa nakalisha vijitu.

"Hamna. Wote wanaume, nadhani."

Akatoa mkasi kwenye kikapu changu, akakata ncha ya kanga aliyokuwa amejifunga, kanga yake nzuri nyekundu. Sikuamini macho yangu. Akanipa. "Mvishe mmoja."

Nikamvisha, nikamfunga kwa uzi. Tukaliweka boti kwenye karai la maji. Lilielea. Lilizunguka kidogo, likaenda likagusa ukingo, likarudi. Mama alichuchumaa pale akilitazama mpaka adhana ya magharibi, na mimi nikasema moyoni, kazi imekwisha, mama kapona woga.

Bamvua likaja, na shemeji. Tulipanda lori mpaka Nyamisati, mama kalishika boti mapajani, abiria wakiuliza nani kabeba papa. Pale pwani maji yalikuwa bado hayajajaa, yameacha tope refu mpaka chombo kilipo, na abiria hubebwa mgongoni na vijana wa chombo. Siku ile hapakuwa na kijana. Palikuwa na shemeji, na mkwe hambebi mama mkwe, hata dunia ipinduke. Akasimama kageuza uso, anasubiri. Mama akavua viatu. Akaingia topeni mwenyewe, mimi nimemshika kiwiko, akatembea na midomo yake inakwenda kwa dua, akapanda.

Shemeji akawasha mashine. Mikoko ikaanza kupita pande zote mbili, kimyakimya, na maji yakawa na rangi ya chai ya maziwa. Mama alikuwa anatetemeka. Nilihisi kutetemeka kwake kwenye bega langu, na nikajua hajapona kitu. Tulipofika pale mto unapofunguka na kingo zote mbili zinakuwa mbali, alilishika boti lake, akamkwanyua yule mwenye kanga.

Akamnong'oneza kitu. Akanyoosha mkono, akamwachia majini.

Kanga nyekundu ilionekana kidogo, kisha haikuonekana.

"Mama, umefanya nini?"

"Astaghfirullah," akasema kwanza, kwa kuwa alikuwa mtu wa swala. Kisha akajiweka sawa kwenye ubao. "Maji yashapata mtu wake. Mwambie shemeji yako aongeze mwendo, mwanangu ananingoja."

Hakutetemeka tena. Mdogo wangu alijifungua mtoto wa kike, mama akiwa amemshika mgongo, na mtoto aliogeshwa na mikono inayonuka papa.

Tulikaa huko arobaini yote. Siku tuliyorudi, tulishuka kwenye lori pale barabarani Kibiti, mimi nikageukia njia ya nyumbani. Mama hakugeuka. Alisimama na furushi lake upande wa magari yanayokwenda kusini, yale yanayovuka mto.

"Nipeleke kwa mama," akasema. "Nikamwone kaburini."

Tulivuka Rufiji, mama amesimama.