Mwenyekiti Aliyegeukia Ukuta

Nyamhanga alishona viatu sokoni Bunda miaka arobaini, na redio yake haikuzimwa ila betri zilipokwisha. Shule aliiacha darasa la nne, kwao Butiama. Mengine aliyatafuta mwenyewe. Alikuwa na daftari gumu, na ndani yake jamhuri za dunia zimepangwa kama soli kwenye rafu: nani anamchagua rais, anakaa miaka mingapi, nani anaweza kumtoa.

"Meksiko," alikuwa akimwambia mteja aliyekuja kugongewa kisigino, "rais ni miaka sita, mara moja tu. Harudi. Uswisi wanaongoza watu saba, urais unazunguka kila mwaka. Ujerumani rais yupo, ila usukani anao chansela."

Zamani mteja alikaa akabisha. Siku hizi anapokea kiatu macho yakiwa kwenye simu.

Ukurasa wa kwanza haukuwa wa nchi ya mbali. Hapo aliandika alichosimuliwa na baba yake: kwamba kwao rika moja lilishika mambo ya nchi miaka minane, kisha likakabidhi kwa rika lililofuata, na waliokabidhi wakarudi nyumbani na heshima yao. Hayo yamepotea, na Nyamhanga hakuacha kuyasikitikia.

Mwenyewe alikuwa mwenyekiti wa chama cha kuzikana cha mtaa wao kwa miaka ishirini na mmoja. Ufunguo wa stoo ya turubai na masufuria ulining'inia shingoni mwake. Kila baada ya miaka mitatu walichaguana kwa mlolongo: unasimama nyuma ya unayemtaka. Kila mara mstari wake ulifika barabarani.

Wiki moja kabla ya uchaguzi wa mwaka huu, Consolata, katibu wa chama, alileta kiatu kilichobanduka soli. Akamkuta anaandika.

"Mzee, chama chetu ni jamhuri ya namna gani?"

"Ya kuchaguana. Sikurithishwa na mtu."

"Ghati ni mke wa mwanao. Atasimama nyuma ya mwingine, wewe ukimtazama?"

"Ghati ananipenda."

"Anakuonea haya, mzee. Sisi wote tunapangaga mstari wa adabu. Dorotea anaiweza hiyo kazi, lakini nani ataanza kutembea kwenda kwake?"

Nyamhanga alishika nyundo. Alikipigilia kile kiatu misumari mingi kuliko ilivyohitajika. Consolata alipoondoka, alipekua daftari tangu mwanzo hadi mwisho. Redio haikuwahi kumtajia nchi inayotawaliwa na haya.

Jumapili walikusanyika uani kwa Florian, mweka hazina. Dorotea, muuza dagaa mzaliwa wa Kisorya, alisimama upande mmoja. Nyamhanga alibeba kigoda chake hadi upande wa pili, akakiweka, akakaa akiutazama ukuta.

"Mzee, umekasirika?" Florian aliuliza.

"Nimekasirika. Pangeni mstari."

Kisha akasikia viatu. Karibu vyote vilivyokuwa pale uani vilikwisha kupita mikononi mwake, na mlio wa kila kimoja aliujua. Vya Ghati ndivyo vilivyotangulia, vikilia taratibu, vikielekea kwa Dorotea. Vikafuata vya Florian. Kisha akasikia misumari yake mwenyewe ikikwaruza changarawe, chini ya mguu wa Consolata. Baada ya hapo hakutaka kutambua tena.

"Geuka, mzee," Florian alisema.

Nyuma yake alisimama jirani mmoja tu, Chacha, mikono mfukoni.

"Na wewe?" Nyamhanga alimuuliza.

"Mimi nimezoea huku. Kuna kivuli."

Watu wakacheka, naye akajikuta anacheka. Akavua ufunguo, akamkabidhi Dorotea kwa mikono miwili, kama baba yake alivyowahi kumwonyesha.

"Turubai kubwa lina tundu upande wa kulia," alisema. "Nilikuwa nalielekezaga ukutani watu wasilione."

"Tutalishona, baba."

"Lilete kwangu. Sindano za wengine hazipiti pale."