Saa Kumi na Mbili Kwenye Excel

Mama jirani yetu alikuwa na kipande cha shamba la maharage mkiani kabisa mwa mfereji, na maharage yalikuwa yanakauka. Kila siku ya zamu ya upande wetu, maji ya ndiva, lile bwawa letu la juu, yalimfikia yakiwa matope tu. Akilalamika anaambiwa kila mtu anapata masaa matatu, basi. Katibu wa kamati ya maji nilikuwa mimi, na jambo lile lilinichoma. Nikasema, haki ya nani, yule mama hatalala njaa na watoto wake huku mimi naangalia.

Excel nilijifunza nilipokuwa nafanya kazi dukani Same mjini. Nikaandika saa ya kila mtu kufungua maji na saa ya kufunga, kama walivyonitajia wenyewe. Fomula itoe ya kufungua kwenye ya kufunga. Jibu likiwa chini ya tatu kisanduku kiwe chekundu, likizidi kiwe kijani. Jumapili baada ya ibada nikaifungua kompyuta mbele ya kamati, kifua mbele.

Mungu wangu! Aliyeongoza kwa wekundu alikuwa baba yangu, anayefungua wa kwanza. Hasi saba!

"Binti, kumbe ukame uko nyumbani kwenu!" akasema mzee mmoja, na wote wakaangua kicheko. Nilirudi nyumbani nimenuna.

Nikalichunguza lile jedwali mpaka nikaona ujinga wangu. Baba anafungua saa kumi na mbili asubuhi, anafunga saa tano. Kwetu hayo ni masaa matano, hata mtoto anajua. Kompyuta yenyewe imetoa kumi na mbili kwenye tano! Nikarekebisha: saa ya kufunga ikiwa ndogo kuliko ya kufungua, iongezwe kwanza kumi na mbili. Wekundu ukafutika, ukabaki kwa yule mama peke yake. Kijani kikatokea kimoja tu, cha baba.

Naye alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Futa hiyo rangi."

"Sijaipaka mimi, baba. Imetoka kwenye saa ulizonitajia mwenyewe."

"Utaniaibisha mbele ya watu kwa ajili ya maharage?"

"Nitawaonyesha, baba."

Baba yangu nampenda. Lakini Jumapili iliyofuata niliifungua tena ile kompyuta, na safari hii hakuna aliyecheka.

Siku ya zamu nilimkuta baba shambani ameinama, anaziba mlango wa mfereji wetu kwa udongo. Ilikuwa saa tatu tu.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. Tulipalilia mpaka mchana. Ilipofika saa sita yule mama akapiga kelele huko chini, anaita watoto walete majembe upesi. Baba akanyoosha mgongo, akasikiliza.

"Yamefika," akasema, wala hakunitazama.