Kabibi Aliyemtafuta Mzee kwa Ng'ombe Wake

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Naitwa Mukhtar, karani wa ofisi ndogo ya ulinzi wa watoto hapa Garsen, na kazi yangu ni kupokea simu na kujaza fomu. Fomu yenyewe ina maswali kumi na mawili. Siku ile nilikwama kwenye la tatu: jina la anayeshukiwa.

Ilikuwa siku ya soko la mifugo, saa nne asubuhi. Mwanamke alipiga simu akinong'ona, Kiswahili chake cha kuokotaokota. "Nuria," akasema. "Miaka kumi na tatu. Leo anapelekwa Bangale. Kuozwa." Nikamuuliza ni nani anayempeleka. Ni baba yake? "Baba yake alikufa. Ni mzee." Mzee gani? "Siwezi kusema." Jamani! Garsen hii ina wazee wangapi? Nikapandisha sauti: "Mama, bila jina mimi nitafanya nini? Unatupotezea wakati!" Nikaandika kwenye fomu kwamba mtoa habari amekataa kushirikiana, na kidole changu kilikuwa kinakwenda kukata.

Simu ikanyakuliwa mkononi mwangu. Alikuwa Kabibi.

Huyu Kabibi ni mama wa Kipokomo, hamsini na ushei, mfupi, na mdomo anao. Ndiye mhudumu wetu wa kujitolea. Shule aliachia darasa la tano. Miaka kumi na minane aliuza chai na mahamri pale sokoni, katikati ya wafugaji wa Kiorma, mpaka akajua lugha yao, na ng'ombe wao pia akawajua mmoja mmoja. Kilichomwingiza kazi hii ni msichana aliyekuwa akimwoshea vikombe. Alitoweka wiki moja tu, akarudi mke wa mtu. "Soko zima lilikuwa linajua," huwa ananiambia. "Hakuna aliyeulizwa."

Basi akaishika ile simu, akawasha spika, na kuanza na nini kwa Kiorma? Salamu! Watoto hawajambo? Ng'ombe wanatoa maziwa? Majani yapo huko? Huku mtoto anakwenda kuozwa! Nilitaka kupasuka. Kabibi hata hakuniangalia. Alipomaliza habari za majani ndipo akauliza taratibu, "Huyo mzee, ni baba mkwe wako?"

"Eee," ikajibu simu, na nikasikia mtu akishusha pumzi.

Kabibi akaiziba simu kwa kiganja. "We Mukhtar mjinga kweli! Kwao mke hatamki jina la baba mkwe wake, hata awe anazama mtoni. Na wewe umemwandika mkaidi!"

Wallahi niliona haya. Mzaliwa wa Garsen, nimekua na watoto wa Kiorma, na jambo hilo nalijua tangu utotoni. Fomu ilikuwa imenipumbaza.

"Usimtaje, mwanangu," Kabibi akamwambia mwanamke. "Nitajie ng'ombe wake."

Lo! Hapo mama alifunguka. Mzee ni babu yake Nuria, na ameleta fahali sokoni leo leo. Mwekundu, uso mweupe, pembe ya kushoto imelala chini, sikio limechanwa mara mbili. Kabibi akawa anaandika kila neno kama lilivyotoka. Nuria yuko wapi sasa hivi? Yuko na nani? Anapelekwa kwa gari gani, na linaondoka saa ngapi? Lori la bluu, baada ya sala ya adhuhuri. Na Nuria mwenyewe amesemaje? Amesema anataka shule.

"Muulize kama mzee anampiga!" nikanong'ona kwa papara.

Akanikanyaga mguu. Baadaye aliniambia: "Usimtie mtu maneno mdomoni. Akisema mwenyewe, hiyo ni habari. Ukimsemea wewe, hicho ni kisa chako." Swali lake la mwisho lilikuwa hili: "Na wewe, nani anajua umepiga simu? Ukirudi nyumbani utakuwa salama?" Swali hilo liko kwenye fomu yangu, la kumi na moja. Mimi ningekuwa nimekata simu zamani.

Mama akasema simu ni ya mwenzake wanayeuza naye maziwa, na hakuna mwingine anayejua.

Saa sita na nusu tulikuwa sokoni: Kabibi, afisa wa watoto, polisi wawili, na mimi nyuma nikihema. Vumbi, kelele, mikia usoni! Kabibi akawa anapita katikati ya ng'ombe akishika masikio, na madalali wakimcheka. "Kabibi, leo unanunua?" Ghafla akasimama. Mwekundu. Uso mweupe. Pembe imelala. "Huyu wa nani?" Dalali akataja jina papo hapo, akatuonyesha na mzee mwenyewe. Mimi silitaji hapa, ndiyo sheria ya kazi.

Lori la bluu lilikuwa linanguruma tayari. Nuria alikuwa ameketi kando ya dereva, dera jipya, mfuko mapajani. Polisi wakamwamuru dereva azime injini. Afisa wa watoto akafungua mlango, akajitambulisha kwa upole. Mtoto akauliza neno moja tu: "Shuleni bado wananingoja?" Machozi yalinitoka, nisiseme uongo.

Mzee akaja na fimbo juu. "Nani amenitaja?"

"Hilo hatusemi, mzee," Kabibi akajibu.

Mzee akawageukia wanawake wa maziwa waliokuwa wamesimama kando, akamnyooshea mmoja wao fimbo. "Ni wewe!"

Yule mwanamke akainamisha macho na kujibu, na sauti ilikuwa ile ile ya kwenye simu.

"Nikutaje vipi, baba? Tangu niolewe kwako sijalitamka jina lako hata siku moja."

Wenzake wote wakaitikia kwamba ni kweli. Mzee akaiteremsha fimbo. Na Nuria akashuka kwenye lori kwa miguu yake mwenyewe.