Sofa Sabini za Springi

Mimi ni fundi sofa, na kichwani mwangu kila chenye bei hugeuka sofa. Mke wangu ameshanizoea. Akisema karo imepanda, nauliza, "Kwa sofa ngapi?" Basi dada yangu alipokuja karakana na kuniambia binti yake anataka kukopa asome shahada, nilichomoa penseli sikioni, nikapiga hesabu kwenye kipande cha mbao, nikairudia.

"Dada, hizi ni sofa sabini."

"Sabini?"

"Za watu watatu watatu. Na mito yake."

Dada akakaa bila kutazama, juu ya fremu ambayo sijaiwekea sponji, akaruka kama aliyeumwa na nge.

Huyo binti yake nilimpa mimi jina la Springi. Alipokuwa mdogo, ukimkalisha upande huu wa kiti anachomokea upande ule, na mpaka leo hajabadilika. Alisoma stashahada ya michezo, tukalipa kwa kukamuana, na sasa yuko kwenye jimu moja juu ya duka la rangi, anasimamia wenye vitambi wakinyanyua vyuma. Mshahara wake wa mwezi ni sofa moja tu, tena bila mikono. Na sasa anataka shahada ya elimu ya michezo na mazoezi ya viungo. Jina lenyewe refu hivyo, ukilisema mara mbili umeshafanya mazoezi.

Wanaotoa mkopo walitaka mdhamini mwenye mali. Katika ukoo wetu mwenye mali ni mimi, na mali yenyewe ndiyo karakana hii: msumeno, cherehani mbili na bati la juu. Springi akishindwa kulipa, wanakuja kubeba. Fomu ilitakiwa irudi Jumatatu.

"Wewe mama yake unasemaje?" nikamuuliza dada.

"Nasema angesoma uhasibu akae ofisini kama watu. Lakini mwenye saini ni wewe, kaka. Ukikataa, yameisha, na mimi sitakulaumu."

Yaani mzigo wote akanitua mimi, akaenda zake sokoni.

Jioni Springi akaja mwenyewe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kaa."

"Nitasimama tu."

"Najua. Haya, niambie ukweli. Ukimaliza hiyo shahada utapata nini?"

Nilitegemea anipambie maneno. Hakunipambia.

"Nikipata shule ya kufundisha, mshahara utakuwa kama mara mbili ya huu wa jimu. Makato ya mkopo yatakula karibu nyongeza yote, miaka minane. Nisipopata shule, narudi jimu na deni mgongoni."

"Kwa hiyo miaka minane uko pale pale ulipo leo, ila umechoka."

"Karibu na hivyo."

"Mtoto wewe! Hata muuza sofa mbovu huanza kwa kuisifia!"

Akacheka. "Karakana ni yako, mjomba. Nikudanganye halafu waje kukubebea cherehani?"

"Sasa hesabu inakataa, wewe unang'ang'ania nini?"

"Njoo jimu Jumamosi asubuhi. Na uje na vile vipande vya sponji ulivyoniahidi."

Jumamosi nikafunga sponji kwa kamba, nikapanda zile ngazi za duka la rangi nikihema. Springi alikuwa juu, ananitazama.

"Mguu wa kulia unauburuta, mjomba."

"Nimebeba mzigo, huoni?"

"Hata siku huna mzigo. Nimekutazama miaka."

Akanipeleka chumba cha nyuma. Nilidhani nitakuta vijana wenye mikono kama mapaja. Nikakuta wazee. Wamepanga viatu ukutani, wamesimama na soksi, na mbele yao kabisa Bibi Stempu. Huyu alikaa dirisha la posta mpaka alipostaafu, na hakuna mtu mtaani kwetu ambaye hajawahi kufokewa naye kwa sababu ya stempu. Mwaka jana aliteleza bafuni akavunjika kifundo cha mkono. Mfupa uliunga, lakini yeye hakutoka tena. Tulisikia analetewa chakula kitandani, na akienda haja binti yake anamshika huku na huku.

"Shikamoo, bibi. Umefikaje huku juu?"

"Kwa miguu. Wewe umekuja kwa mbawa?"

Springi akatandaza sponji zangu juu ya mikeka, akapiga makofi. "Haya wazee wangu, leo tunaanguka tena."

Uvumilivu ukaniishia. "Kuanguka? Sofa sabini kwa ajili ya kuanguka? Mimi nimeanguka tangu utotoni na sikukopa hata senti!"

"Fundi," akasema Bibi Stempu bila kugeuka, "funga mdomo, fungua macho."

Akasogea ukingoni mwa sponji. Akashusha kidevu kifuani, akajikumbatia, magoti yakalegea, akaanza kwenda chini. Nikanyoosha mikono nimdake, Springi akanizuia. Bibi akatangulia upande wa nyonga, ikafuata paja, ukafuata mgongo, akabingirika. Unajua kitambaa kizito kinavyoteleza kutoka mezani kikajilaza chini? Ndivyo. Sikusikia kishindo.

Halafu akajigeuza ubavu. Mkono mmoja, goti, wayo, na huyo amesimama, anaweka kitambaa chake cha kichwa sawa.

Mimi maisha yangu yote natengeneza vitu vya watu kushukia. Najua mzee anavyokaa: anashika mkono wa sofa, anashuka nusu, halafu anajiachia tu, na springi zinalia. Nimeongeza sponji, nimepandisha viti, nimefanya yote kwa sababu watu wakizeeka huogopa kwenda chini. Na hapa bibi wa umri ule ameshuka mpaka sakafuni kabisa na kurudi, bila sofa, bila mtu. Vinyweleo vya mikono vilinisimama. Nikainama nikaibonyeza sponji yangu kwa kidole.

"Bibi," nikamuuliza, "huogopi?"

"Naogopa. Lakini bafuni naingia mwenyewe sasa. Na mlango nafunga."

Springi akaniambia daktari aliyemfunga bibi plasta ndiye aliyeuliza nani amemfundisha kuanguka na kuinuka hivi, na kwamba hospitali ingependa mtu wa kazi hiyo, lakini awe na shahada. "Hawajasema watanichukua, mjomba. Wamesema niombe."

"Ndiyo sababu?"

Akatazama mlango. "Wiki iliyopita alikuja mzee ana ugonjwa wa moyo. Nikamrudisha nyumbani. Sikujua nikimlaza na kumwinua, moyo utafanya nini. Akashuka ngazi zile akishika ukuta, na mimi nimesimama hapa na stashahada yangu. Nataka kujua, basi."

Nikaanza kukunja kamba niliyofungia sponji.

"Zamu yako, mjomba."

"Mimi nimeleta sponji tu."

"Vua viatu!" Bibi Stempu akafoka, sauti ile ile ya dirishani. Nikavua.

Mara ya kwanza nilianguka kama kabati, wazee wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Mara ya pili kama kabati tupu. Springi akanishika kidevu, akanigusa goti, akaniambia nisipigane na sakafu. Mara ya tatu nikasikia mwili unakwenda wenyewe, nyonga, paja, mgongo, na nikajikuta chali natazama feni, sina maumivu, mtu mzima nacheka peke yangu.

Nikabaki pale pale. "Lete fomu."

"Mjomba, hesabu yake haijabadilika."

"Nimesema lete. Ni sofa sabini, najua. Zinatengenezwa moja moja."

Nikajigeuza kifudifudi, nikasaini hapo hapo chini. Bibi Stempu akachungulia juu ya bega langu. "Tarehe hujaandika."

Jioni nikamwambia mke wangu. Akaweka kikombe chini taratibu, na hiyo kwake ndiyo dalili mbaya.

"Karakana? Ile inayotulisha? Umeiweka rehani kwa ajili ya nini, baba watoto?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno, ya daktari, ya makato, ya miaka minane. Nikayaacha yote. Nikasogeza meza, nikatandika blanketi, nikavua viatu, nikaanguka.

Alipiga yowe. Kabla hajafika mlangoni kuita majirani nikajigeuza, mkono, goti, wayo, nikasimama mbele yake.

Akanitazama. Akaitazama sakafu. Akanitazama tena, kama siku ile nilipomposa.

"Rudia," akasema. "Polepole."

Nikarudia. Nilipoinuka, alikuwa ameinama anafungua viatu vyake.