Mwenye Pijo Alikuja

Sisi tuliokulia Ifakara kabla ya daraja tuliambiwa mtoto mwongo huota mkia. Mimi nilisema uongo mmoja nikiwa na miaka tisa, nikaukana hadi mwezi uliopita, na mkia haukuota. Niliota shahada mbili, na makala kadhaa za kuwafundisha watu uaminifu. Sasa nakiri: mwenye lile Pijo alikuja.

Wa rika langu mnalikumbuka. Gari aina ya Pijo 403, rangi ya maziwa, chini ya banda la nyasi kando ya kibanda cha baba yangu, fundi baiskeli. Siku hizi vijana wanalizunguka wakipiga picha, maana wanasema nchi nzima yamebaki ya kuhesabika. Kila mtu ana hadithi yake ya lilikotoka. Mmoja anasema liliachwa na mapadri, mwingine na bwana shauri wa Kiingereza. Neema, binti wa kaka yangu, aliandika mtandaoni kwamba lilikuja na Wajerumani. Kwamba ni gari la Kifaransa, na Wajerumani waliondoka kabla halijaundwa, hayo kwake ni maoni.

Nyumbani tulijua hivi. Masika moja mgeni kutoka Mahenge alivuka kwa pantoni, gari likamfia mbele ya kibanda cha baba. Alijitaja kuwa Anselmi. "Nitunzie, fundi. Nafuata kipuri, narudi," akasema, akapanda treni. Baba akamwarifu balozi wa nyumba kumi, akajenga banda, akaanza kungoja.

Kila Jumamosi aliliosha kwa kipande cha kanga kuukuu ya mama, vioo kwanza. Hakuwahi kukaa ndani. Akitoka tu, sisi tulipanda: mimi dereva, kaka utingo, wadogo abiria wa kutapika mlimani. Viti vilinukia ngozi iliyopikwa na jua. Tulitafuna ukoko wa wali, biskuti yetu ya enzi hizo. Watoto wa leo ukiwapa ukoko wanakuuliza kwa upole kama jiko limeharibika. Mama akituona alipiga kelele toka uani: "Cha mtu mavi! Shukeni!"

Tulishuka. Ila shuleni nilisema gari ni letu. Nikaitwa Binti Pijo, nikatembea kama mwenye Pijo, miguu peku.

Mwaka wa pili, mpunga ulipoanza kuiva, wazazi walihamia shamba upande wa Namawala kulinda ndege, kama nusu ya Ifakara. Tuliobaki kwa ajili ya shule tulikaa na bibi. Mchana mmoja bibi alikuwa msibani, nami nacheza rede na Teresia wa darasani kwetu. Mwanamume akasimama bandani, kwapani ana kitu kizito kilichofungwa gazeti.

"Shikamoo."

"Marahaba, mama. Fundi yupo?"

"Yuko shamba."

Akapitisha kiganja juu ya boneti, taratibu, kama anayempima mtoto homa. "Mmelitunza," akasema.

Teresia alikuwa ananitazama.

"La baba," nikasema. "Kanunua."

"Kanunua kwa nani?"

"Kwa mwenyewe."

Akaondoa kiganja kwenye boneti. "Haya, mama, cheza," akasema, akarudi njia ya stesheni na mzigo wake kwapani.

Baba aliporudi aliuliza kabla hajatua gunia: "Hakuja mtu?"

"Hakuja."

Aliuliza tena kila mavuno. Balozi alimtania, "Fundi, huyo Anselmi keshakufa, liendeshe!" Baba akamjibu, "Kufa si kuuza." Alipolazwa mara ya mwisho, nilikaa kando ya kitanda chake, mtu mzima, msomi. Akauliza. Nikamwambia, "Hajaja, baba. Pumzika." Alifariki akiwa bado zamu.

Leo Ifakara ina lami na daraja. Gari likikufia unapiga simu, unaweka mlinzi, na bado asubuhi unakuta taa zimeondoka. Nani siku hizi atamwachia fundi asiyemjua gari zima, bila hata karatasi? Nilizoea kuuliza hivyo kwa masikitiko, mbele ya watu, na watu wakatikisa vichwa. Sikuwa na haki ya kuuliza.

Picha ya gari aliyoiweka Neema mtandaoni ilifika Makambako. Mwezi uliopita mwanamke akanipigia.

"Dada, samahani kwa usumbufu. Naitwa Paulina. Gari kama hilo alikuwa nalo marehemu baba yetu, Anselmi."

Nilimuuliza kama baba yake aliwahi kulifuata.

"Alilifuata. Akakuta fundi keshajimilikisha. Aliambiwa na mtoto wa nyumba hiyohiyo, na alisema mtoto hawezi kutunga jambo kama lile." Akaongeza, "Usinielewe vibaya, dada. Sisi tumekua hivyo. Kwetu mtu akiiba chochote, hata sukari, anaitwa fundi wa Ifakara. Mpaka wajukuu."

Nikaishusha simu, kisha nikairudisha sikioni.

"Dada, upo? Huyo mtoto, unamfahamu?"

"Namfahamu," nikasema. "Ndiye unayezungumza naye."