Ndevu za Miaka Miwili

"Mwanangu, hebu niitie fundi wa cherehani," mama mshonaji alimwambia kijana aliyemkuta kibandani, akitua cherehani yake mezani.

Fundi ndiye huyo huyo aliyeitwa mwanangu, mwanaume wa miaka arobaini na moja. Alilelewa kama binti, na sindano za homoni za kiume alizianza akiwa na thelathini na tisa, ndevu bado chache, kwa hiyo wateja humdhania mvulana wa shule. Hakununa; angekuwa mtu wa kununa, presha ingeshamuua. Alizungusha gurudumu mara moja, akagusa mafuta ndani yake, akanusa kidole.

"Mama, umeitia mafuta ya kupikia."

Aliisafisha na kuitia mafuta yake, na cherehani iliyokwama wiki nzima ikawa inashona kabla mama hajamaliza kujitetea.

"Kumbe fundi ni wewe! Una miaka mingapi?"

"Ndevu zina miwili," alisema, akijifuta grisi. "Mikono hii ina ishirini ya ufundi."