Nafasi ya Dorika kwenye Benchi

Mwalimu Faustin alikuwa na sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto, na mwaka 1996 aliimalizia yote kwenye kompyuta moja. Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, imeachwa na padre aliyerudi kwao, na umeme wa pale kituo cha ufundi Ifakara ulikuja ukipenda. Ukikatika, Faustin aliwatoa wanafunzi wake sita nje, akawapanga kwenye benchi la barazani, somo likaendelea.

"Hii kompyuta haina akili hata kidogo," aliwaambia. "Ukitaka ikutunzie umri wa watu sita, usihangaike na majina sita. Ipe jina moja tu, BENCHI, halafu kila mtu umwite kwa namba ya nafasi yake. Na inaanza kuhesabu na sifuri. Msiniulize kwa nini, ndivyo ilivyozaliwa."

Kila mmoja alishika karatasi yenye umri wake. Faustin akiita "BENCHI mbili!", Venance alisoma, "Kumi na tisa!" Siku moja aliita "BENCHI sita!" kwa makusudi. Omega, aliyekaa namba tano, mwisho kabisa, alidhani anaitwa yeye, akajisogeza pembeni na kuanguka chini puu. Faustin alicheka mpaka akashika nguzo.

"Hapo ndipo kompyuta inapogoma," alisema huku akimpangusa vumbi. "Umeita nafasi isiyokuwepo."

Somo alilolipenda zaidi lilikuwa la kuondoa. Mtu akitoka katikati, aliye pembeni yake anachukua nafasi, na wa pili yake naye vivyo hivyo, mpaka pengo lihamie mwisho. "Sogea!" alinguruma. "Nafasi haikai wazi!" Wapita njia waligeuka kuangalia nani anafukuzwa.

Namba tatu ilikuwa nafasi ya Dorika, binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia bondeni na mifugo yao. Alikuwa na tabia ya kuuliza swali wakati wenzake wote wameshaelewa, na akishauliza, wote wanagundua hawajaelewa kitu. Alimchosha sana mwalimu wake, na mwalimu alimpenda mno.

Mwezi wa sita alikuja kuaga. Mama yake amejifungua huko kambini, upande wa Malinyi, hali yake si nzuri, na hakuna wa kupika wala wa kumbeba mtoto.

"Nitarudi, mwalimu," alisema. "Nafasi yangu msiisogeze."

"Nenda, mwanangu. Mama kwanza."

Hakumwahidi chochote, maana ruhusa haikuwa yake.

Wiki zikapita. Mama Wilhelmina, mkuu wa kituo, hakuwa mtu mbaya. Alipenda utaratibu tu, ugonjwa wa wakuu wengi. Kulikuwa na binti mwingine anayesubiri nafasi tangu Pasaka.

"Jumatatu namleta," alimwambia Faustin. "Huyo wako labda wameshamwoza huko. Si wewe unayepiga kelele kwamba nafasi haikai wazi?"

Faustin akachukua daftari lake, akarudi barazani.

Jumamosi mkewe, Careen, alimtuma mashineni kukoboa mpunga. Viroba vilikuwa vimepangwa foleni, na nusu ya wenyewe walikuwa wamekwenda nyumbani kupika. Kila mashine ilipomaliza kimoja, waliokuwepo walisogeza vyao, kisha wakasogeza na vya wasiokuwepo. Watu waligombana pale kwa mambo yote ya dunia, lakini tangu azaliwe Faustin hakuwahi kuona mtu akiutoa mzigo wa mwenzake kwenye foleni. Alisimama akitazama, pumba zikimjaa kichwani, mpaka mama mmoja akamgutusha.

"Mwalimu, sogea! Umelala?"

Jumatatu asubuhi alimwomba Careen kifuko cha mpunga.

"Unampelekea nani?"

"Mpunga unakwenda kukaa tu. Utarudi."

Careen alimtazama, akaufunga mpunga kwenye kitambaa chake cha kijani. Faustin akaenda kuuweka namba tatu, katikati ya watu. Wanafunzi waliuona, wakaelewa, wakaupisha. Haukupita muda Mama Wilhelmina akafika na yule binti.

"Mzigo wa nani huu?"

"Wa Dorika, Mama."

"Ameuleta lini?"

Faustin akaangalia dari. Uongo haukuwa fani yake. Mama Wilhelmina, ambaye utotoni alishinda mashineni na bibi yake, alinyoosha mkono auondoe. Mkono ulifika kwenye fundo, ukasita. Akakisukuma kile kifuko ndani kidogo, kisije kikaanguka.

"Leteni kigoda," alisema. "Huyu akae mwisho. Na wewe, Faustin, hiyo BENCHI yako kaiandike upya, iwe ya watu saba."

Umeme uliporudi aliiandika. Namba tatu hakujaza umri wowote, na kompyuta haikulalamika: nafasi ipo, ndani haijawekwa kitu.

Mpunga ukakaa pale, Omega akiulinda dhidi ya kuku, hadi asubuhi moja ya mwezi wa nane Dorika alipotokea barazani, amekonda, viatu mkononi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mama?"

"Amepona. Anakamua ng'ombe mwenyewe."

Alikiinua kifuko, akakaa, akakipakata. "Tumefika wapi?"

Faustin alitaka kunguruma kama kawaida, akaghairi.

"Venance," alisema polepole, "mpishe mwenzio, unambana."

Jioni alimrudishia Careen kitambaa chake, mpunga ungali umefungwa ndani.

"Mbona umeurudisha?"

"Mwenyewe amekuja," alisema Faustin, na machozi yakamtoka pale pale jikoni, wala hakuyaficha.